Safari tano za Tomi kwenda Morogoro

Saa 11:30 alfajiri Chalinze huwa imeshaamka. Madereva wa malori wanakunywa chai ya rangi na chapati, wauza mayai ya kuchemsha wanakimbilia madirisha ya mabasi, na kwenye njiapanda magari yanagawana: ya Tanga na Arusha yanakunja kulia, ya Morogoro yanakwenda moja kwa moja.

Asubuhi hiyo mimi, dada yangu na mwanawe wa miaka tisa tulisimama pembeni ya njiapanda hiyo tukiwa na mbwa. Likizo ya Desemba ilikuwa imeanza. Tomi alikuwa na kamba shingoni na kipande cha kanga kiunoni, amefungwa kama mtoto aliyevishwa nepi, kwa sababu alikuwa anavuja damu.

Jirani mmoja aliyekuwa anafungua duka akatuuliza tunampeleka wapi.

"Hospitali," dada akajibu kwa mkato.

Jirani akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alidhani ni utani. Lakini mtoto alimwangalia mama yake, na mama yake akaangalia chini.

Dereva wa Noah tuliyoikodi alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma na kutandika turubai. Ni Mwislamu, akatuomba kwa adabu kwamba mbwa abaki kwenye turubai asigusane na viti, na kwamba tukirudi tutaliosha pamoja. Tukakubaliana. Ndivyo ilivyoanza safari ya kwanza kati ya tano.

Ugonjwa wa aibu

Tomi si mbwa wa gharama. Ni mbwa koko aliyeokotwa stendi akiwa mdogo ndani ya gunia. Shemeji yangu ni dereva wa lori wa njia ya Tunduma, akiondoka huweza kukaa wiki mbili au tatu. Nyumbani hubaki dada, mtoto, duka dogo la mbele ya nyumba, na Tomi. Usiku mmoja watu walijaribu kung'oa bati la duka. Tomi alibweka mpaka majirani wakatoka na tochi, na watu wale wakakimbia. Tangu siku hiyo mtoto hula ugali akimwachia Tomi tonge la mwisho.

Damu ilionekana kwanza kwenye mchanga mahali Tomi anapolala, chini ya yale maua ya pinki na meupe ambayo watu wengi hupanda mbele ya nyumba kwa sababu hayataki maji mengi. Dada alidhani amepigwa jiwe. Alipomchunguza aliona kinyama chekundu kimechomoza sehemu za siri, kimegawanyika vichwa vidogo vidogo mfano wa koliflawa.

Hakumwambia mtu. Mtoto alipouliza aliambiwa Tomi ana kidonda. Akaja mtu mmoja aliyejitambulisha kama daktari wa mifugo, akachoma sindano za antibiotiki mara tatu, akachukua pesa na hakurudi. Mwingine akamshauri amwekee sumu kwenye nyama, yaishe. Dada alimfukuza, lakini alikiri kwangu baadaye kwamba usiku ule alilifikiria jambo hilo.

Aliyetusaidia ni bwana mifugo. Alivaa glovu, akaangalia bila kukunja uso, akasema anahisi ni uvimbe wa saratani, na kwamba tumpeleke Morogoro kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, bila kuchelewa.

Ndipo dada akanipigia simu Dar es Salaam. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa hiyo kwenye ukoo wetu kila anayekohoa hunipigia. Safari hii alizungumza kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu, Tomi ana uvimbe. Uko kule chini."

Nikanyamaza kidogo, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasikia. Mama yetu aliyatumia hayo hayo: kule chini hakuko sawa. Alikuwa ameyaficha muda mrefu kabla ya kuyasema, kwa aibu ya mahali ugonjwa ulipokuwa. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na tulipofika hospitali ilikuwa imeshasambaa. Alifariki miaka minne iliyopita. Mtoto wa dada, aliyekuwa na miaka mitano wakati huo, aliambiwa bibi amesafiri.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza kuhusu Tomi lilikuwa la pesa. Nimekaa mara nyingi kwenye mabenchi ya Taasisi ya Saratani Ocean Road nikizungumza na wagonjwa waliosafiri siku mbili kufika pale, wengine wakiwa wameuza mbuzi kupata nauli. Nani anampeleka mbwa kutibiwa saratani? Nilikwenda Chalinze kwa sababu ya sauti ya dada yangu, si kwa ajili ya mbwa.

Mji kasoro bahari

Kutoka Chalinze hadi Morogoro ni zaidi ya kilometa 80. Unapita Ubena, unapita Bwawani ambako mabasi husimama abiria wapate kula, kisha Mikese. Baada ya Mikese, kama hakuna ukungu, milima ya Uluguru inaanza kujitokeza upande wa kushoto, buluu kwanza, halafu kijani, halafu unaona mashamba yaliyopanda mlima kama ngazi. Wenyewe huuita Morogoro mji kasoro bahari, maana yake kila kitu kipo isipokuwa bahari. Desemba, embe zinauzwa barabarani kwa ndoo.

Kabla ya kufika Kingolwira mtoto aliniuliza, "Mama mdogo, Tomi atakufa?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile la watu wazima: hapana mwanangu, usijali. Likaishia kooni. Nilimwambia sijui, tutamuuliza daktari. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kumpapasa Tomi masikio. Alionekana kuridhika na jibu hilo kuliko nilivyotarajia.

Chuo kiko nje kidogo ya katikati ya mji, chini ya milima. Kilianzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki Aprili mwaka huo huo kwa ajali ya gari mkoani humo humo. Wengi wetu tunakijua kwa kilimo na misitu. Wasomaji wa habari za afya wanakijua pia kwa panya.

Ndiyo, panya. Ni hapa SUA ambapo shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa, alipelekwa Cambodia akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA kwa ushujaa wake. Kazi ya kunusa kifua kikuu imekuwa ikifanyika Tanzania tangu 2007, na panya hao hukamata wagonjwa ambao hadubini ya kliniki iliwapita. Nilimsimulia mtoto habari za Magawa tukiwa getini. Akauliza kama Tomi naye anaweza kupata medali. Dereva akajibu kabla yangu kwamba Tomi apone kwanza, medali tutaijadili.

Kwenye foleni

Nimezoea foleni za hospitali. Hii ilikuwa na mbuzi aliyevunjika mguu, paka ndani ya kikapu cha sokoni, na mbwa watano au sita wa kila aina. Lakini sura za waliowaleta nilizijua. Ni sura zile zile za Ocean Road: mtu ameshika karatasi yake kwa mikono miwili, anasikiliza kila mlango unapofunguliwa.

Mama mmoja wa Morogoro mjini alikuja na binti yake wa sekondari na mbwa jike mdogo mweupe, kuondolewa nyuzi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye matiti. Nilishangaa. Sikuwa najua kwamba mbwa jike hupata saratani ya matiti, na kwamba anayefungwa uzazi mapema hupunguza sana hatari hiyo. Mama yule alitueleza bila kuulizwa, kama watu wanavyofanya wakiwa wamevuka salama. Binti ndiye aliyekigusa kivimbe kwanza alipokuwa anamwogesha mbwa, akaambiwa asubiri kitapotea, naye akang'ang'ania hadi wakaja.

Pembeni yetu alikaa mzee mrefu, mstaafu, amevaa koti juu ya shati licha ya joto. Mbwa wake mkubwa wa ulinzi alikuwa amelala akiwa ameuinua mguu wa mbele uliovimba juu ya kifundo. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba. Mtoto akamuuliza jina la mbwa.

"Askari," akasema. "Ameniangalia miaka tisa."

"Na mimi nina miaka tisa," mtoto akamwambia.

Mzee akatabasamu, akamwambia basi yeye na Askari ni rika moja, ila Askari amewahi kuzeeka.

"Kama ya bibi?"

Daktari aliyetuona alikuwa kijana wa rika langu. Aliuliza umri wa Tomi, akaomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akauliza kama anafungwa au anazurura. Dada alijibu yote akiangalia sakafu. Alipoulizwa tatizo liko wapi, akasema, "Huku… huku nyuma, dokta. Samahani."

Daktari akavaa glovu na kuangalia. Kisha akakitaja kiungo kile kwa jina lake, kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja sikio na mguu, mbele ya mtoto, na akaendelea na kazi. Hakucheka wala kushusha sauti. Nilimwona dada akiinua uso kwa mara ya kwanza.

Alichukua kioo kidogo, akakibonyeza kwenye uvimbe, akakipaka rangi na kukiweka kwenye hadubini. Akamwita mtoto aangalie. Mtoto akasimama juu ya kigoda akachungulia muda mrefu, akasema anaona viduara vingi vyenye matundu madogo.

"Hizo ndizo zinazomsumbua Tomi," daktari akasema. "Ni saratani. Ila ni moja ya zile zinazotibika vizuri sana."

Chumba kikawa kimya. Mtoto akageuka kwa mama yake.

"Kama ya bibi?"

Hakuna aliyewahi kumwambia. Miaka minne tulidhani tumemficha, kumbe alikuwa analijua neno lenyewe, amelisikia jikoni, msibani, kwenye simu. Alilitunza peke yake kwa sababu aliona sisi wakubwa hatutaki kulitaja.

Dada angeweza kusema hapana. Alinitazama, akamtazama daktari, kisha akachuchumaa.

"Ndiyo, mwanangu. Bibi naye alikuwa na saratani. Yake tuliichelewa."

Daktari alikuwa na foleni nje. Hakutuharakisha. Alijifanya anapanga vioo vyake mpaka dada alipomaliza kujifuta macho.

Kisha akatueleza. Saratani nyingi huanza kwenye seli za mwili wa mgonjwa mwenyewe na hufa pamoja naye. Hii ya Tomi ni tofauti. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wanapopandana, wanaponusana au kulambana, zikajishikiza na kuota. Wanasayansi waliochunguza vinasaba vyake wameonyesha kwamba uvimbe wa aina hii, popote unapoonekana duniani, unatokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa huyo alikufa zamani, seli zake bado zinasafiri. Hauambukizi binadamu. Huonekana zaidi pale ambapo mbwa wengi huzurura na hawajafungwa uzazi, yaani mitaa kama yetu.

Dawa niliyoijua

Dawa aliyoandika ilinifanya nimwombe arudie jina: vinkristini.

Naijua. Nimeiandika kwenye habari za watoto wenye saratani ya damu na saratani ya figo. Ni dawa ya miaka mingi, ilianza kutumika hospitalini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za msingi za saratani za watoto. Huzuia seli zisigawanyike. Haitofautishi sana kama seli hizo ni za mtoto wa Kitanzania au za mbwa koko wa Chalinze.

Nilijua pia inakotoka. Inatokana na mmea wenye asili ya Madagascar, mfupi, wenye maua ya petali tano, ya pinki au meupe. Ni yale yale yaliyo mbele ya nyumba ya dada yangu, ambayo Tomi hulala chini yake. Nilipomwambia, akashika kiuno.

"Kumbe dawa iko mlangoni! Si tungechemsha tu majani?"

Daktari na mimi tulijibu kwa pamoja: hapana. Nalirudia hapa kwa mzazi yeyote anayesoma. Mmea huo ni sumu ukiliwa au kunywewa. Kiasi cha dawa kilichomo ni kidogo mno, hutakiwa mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja, na majani hayo yana kemikali nyingine zinazoweza kudhuru moyo, neva na damu. Usimchemshie mbwa, usimchemshie mtoto, usimchemshie mgonjwa wa kisukari.

Hata dawa yenyewe iliyotengenezwa kiwandani si ya kuchezea. Ni lazima iingie ndani ya mshipa. Ikivuja pembeni huunguza nyama. Walimpima Tomi uzito na damu, wakamnyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, mwanafunzi wa udaktari akamshika kichwa huku akimnong'oneza, na sindano ikaingia taratibu. Tomi alimlamba mwanafunzi mkono wenye glovu.

Maelekezo ya nyumbani yalikuwa mafupi na dada aliyaandika nyuma ya daftari la duka. Kwa siku kadhaa baada ya sindano, kinyesi na mkojo wa mbwa visafishwe kwa glovu, na mjamzito asivisafishe kabisa. Mtoto asilambwe usoni. Mbwa afungwe, asikutane na mbwa wengine. Akitapika sana, akiacha kula au akiwa na homa, tupige simu. Na arudi kila wiki, hata kama uvimbe utaonekana umekwisha.

Siku hiyo tulirudi Chalinze kimya. Tuliosha turubai kama tulivyoahidi.

Wiki zilizofuata

Safari ya pili sikuwepo. Dada alinitumia picha: uvimbe umepungua nusu na kanga haihitajiki tena. Tomi alikuwa amekataa chakula siku moja na kutapika mara mbili, kisha akarudi kwenye ugali wake.

Safari ya tatu ilikuwa ya kukatisha tamaa. Walisafiri kama kawaida, damu ikapimwa, chembe nyeupe zikaonekana zimeshuka. Daktari akakataa kuchoma sindano. Akasema ni kawaida kwa dawa hii, asubiri siku chache. Gari ilikuwa imekodiwa, mafuta yametumika, duka limefungwa kutwa nzima, na wakarudi bila kitu. Kwetu gari ndilo lililokuwa gharama kubwa kuliko zote.

Nilitegemea dada atanipigia akilalamika. Alinipigia, lakini alisema jambo lingine. Kwamba daktari alimwonyesha mtoto karatasi ya majibu, akamweleza chembe nyeupe ni askari wa mwili na leo askari wa Tomi ni wachache. Na kwamba mtoto alikuwa anawaeleza wenzake mtaani hivyo hivyo, kama mwalimu.

Safari ya nne Tomi alichomwa. Dereva wa Noah, ambaye siku ya kwanza aliita "huyo mnyama wenu", sasa alikuwa anapiga simu jioni ya kuamkia safari na kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Mzee na mkungu wa ndizi

Safari ya tano nilikwenda kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Kwa muda usiofika saa mbili nilikuwa nimeshuka chini ya Uluguru, nikawakuta hospitalini.

Uvimbe ulikuwa umekwisha. Daktari aliangalia, akabonyeza, akapima tena kwa hadubini, akasema sindano ya leo ni ya kufungia. Akashauri Tomi ahasiwe akishapata nguvu, ili asizurure na kuupata tena au kuzalisha ovyo.

Tulipotoka tulimwona yule mzee. Alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, na koti lile lile. Pembeni yake hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na mkungu wa ndizi mzuzu.

Mtoto alikimbilia kumwuliza Askari yuko wapi kabla hatujamzuia.

Mzee akamweleza polepole. Askari alikuwa na saratani ya mfupa. Mguu ungeweza kukatwa, mbwa wengi hutembea vizuri kwa miguu mitatu, lakini picha za kifua zilionyesha ugonjwa umeshafika kwenye mapafu. Daktari alimwambia ukweli wote siku ile ile. Walimpa Askari dawa za maumivu akapata wiki chache nzuri za kukaa uani, akila na kuota jua. Maumivu yalipozidi, mzee alimrudisha mwenyewe, akamshika kichwa, wakamlaza kwa sindano.

"Sasa ndizi za nini?" mtoto akauliza.

"Za kushukuru."

"Lakini Askari alikufa."

Dada akamvuta mkono, mzee akamwashiria amwache.

"Alikufa bila kulia," akasema. "Na mimi niliambiwa mapema, nikapata nafasi ya kumuaga. Nilipokuja hapa mara ya kwanza niliogopa watanicheka, mzee mzima nalilia mbwa. Hakuna aliyenicheka. Hilo nalo ni dawa, mjukuu wangu."

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Nimelitafakari benchi lile mara nyingi tangu siku hiyo. Mama wa mbwa mweupe alishukuru kwa sababu mbwa wake alipona, na ni haki yake. Sisi tulishukuru kwa sababu Tomi alipona. Mzee alikuja na ndizi kwa sababu alisikilizwa na kuambiwa ukweli, na nadhani shukrani yake ilikuwa kubwa kuliko zetu.

Swali la pesa

Bado sina jibu safi kwa swali nililoanza nalo. Nikikaa tena Ocean Road na mama aliyeuza mbuzi apate nauli, sitamsimulia habari za Tomi. Pesa ya familia ni ya kwanza kwa watoto na wazazi, na daktari yule alituambia wazi kwamba kumlaza mbwa bila maumivu ni uamuzi wa heshima kwa asiyeweza kumtibu. Kinachomtesa mbwa ni kuachwa uani anuke, au kupewa sumu.

Lakini najua tulichopata kwa pesa ile. Mtoto wa miaka tisa ameona kwamba saratani inaangaliwa, inapimwa, inatajwa kwa jina, na ikiwahiwa mara nyingine inakwisha. Ameona pia kwamba ikichelewa, bado mtu anaweza kutendewa vizuri. Sisi wakubwa hatukuwa tumemfundisha hata moja kati ya hayo.

Na kuna jambo ambalo dada alinieleza tukiwa tumeshaipita Kingolwira, Tomi amelala kwenye turubai lake. Baada ya safari ya tatu, ile ya kurudi bure, alikwenda kituo cha afya kupima saratani ya mlango wa kizazi. Nimemwomba afanye hivyo tangu mama alipofariki. Nimeandika makala sijui ngapi kwamba kipimo hicho ni cha dakika chache, kwamba wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanahimizwa kupima, kwamba mabadiliko yakionekana mapema yanaondolewa kabla hayajawa saratani, na kwamba nchi yetu ilianza kuwapa wasichana chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018. Alizisoma zote na hakwenda.

"Nilijiambia, kama mbwa ameangaliwa kule chini na hakuna aliyeona aibu, mimi naona aibu ya nini?" akasema.

Majibu yake yalikuwa mazuri. Ataitwa tena muda wa kurudia ukifika.

Mtoto alikuwa anasikiliza. Tulipofika Mikese akauliza bibi aliumwa wapi hasa, na kama alichomwa sindano kama za Tomi, na kama nywele zilinyonyoka, na nani alimshika mkono. Dada alimjibu swali moja moja. Mengine nilimsaidia. Dereva alizima redio bila kuambiwa.

Waliendelea kumzungumzia bibi hadi taa za Chalinze zilipoonekana. Tuliposhuka, yule jirani mwenye duka alitoka na tochi, akamulika ndani ya gari, akauliza kama mgonjwa amepona.

"Amepona," mtoto akamwambia. "Alikuwa na saratani."